Bi Mvukuto na Kulabu za Makumbusho

Ungepita mtaa ule ukamuulizia Bi Mvukuto, hata mtoto aliyeanza kusimama jana angekuelekeza. Ungeuliza jina alilopewa na wazazi wake, wangekuna vichwa. La Mvukuto alilipata ukubwani, kwa jasho. Miaka thelathini na kitu alikaa kwenye kigoda nyuma ya moto wa mumewe, akivuta na kusukuma mpini wa mvukuto, ule mfuko mkubwa wa ngozi unaopuliza hewa chini ya mkaa. Mkono wake wa kulia ulinenepa ukamwacha wa kushoto nyuma, hata fundi cherehani alimpima mara mbili: mkono huu, na mkono ule.

"Bi Mvukuto akikuzaba kibao," alipenda kusema Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa ng'ambo ya barabara, "unazinduka uko darasa la kwanza."

"Njoo basi nikuzabe," humjibu, "maana hilo darasa hukulimaliza vizuri."

Mumewe alikuwa mhunzi, na watu walimwita hivyo tu, Mhunzi, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mtaani pale kweli hakuwapo. Wenzake walikufa, au waliuacha moto wakanunua mashine za umeme kama ya Cheche. Alifua majembe na bawaba za milango, lakini sifa ilitoka kwenye vyuma vya urembo: mageti, vyuma vya madirisha, vyuma vya kushikia ngazini. Vyote vilikuwa na jani lake. Jani hilo lilichomoza kwenye fito ya chuma kama linavyochomoza kwenye tawi, jembamba, kisha likajikunja nchani kama kidole cha mtoto aliyelala. Geti la jumba kongwe lililo katikati ya mji alilifua ujanani. Jumba hilo baadaye likafanywa makumbusho, na wageni wakawa wanalipiga picha geti kabla hata ya kukata tiketi.

Sasa jamani, siri ya mtungi aijuaye kata. Mhunzi alikuwa haoni.

Hakupofuka siku moja. Ilikuwa presha ya macho, na walipofika kwa daktari walikuwa wamechelewa. "Mshipa uliokufa haufufuki," daktari alisema. "Tutalinda uliobaki." Uliobaki nao haukulindika. Mwaka wa kwanza alipoteza kingo za dunia, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwaka wa nne bomba likaziba. Siku lilipoziba, alimshika mkewe kiganja akakiweka juu ya fuawe, lile bonge la chuma ambalo mhunzi hulifulia kazi yake.

"Niapie," alisema. "Watu wakijua, nimekufa. Hakuna anayempa kipofu kazi ya moto. Watanipa kiti nikae nje, wanisalimie kwa huruma."

Bi Mvukuto akaapa. Na kiapo alikishika miaka saba.

Mtaa Mhunzi aliujua kwa nyayo. Kutoka nyumbani hadi karakana ni hatua mia moja na arobaini, na shimo moja. Watu aliwatambua kwa mwendo, akawahi kuwasalimu kabla hawajamsalimu. "Cheche, leo viatu vipya?" Na kweli viatu vilikuwa vipya, maana vililia. Cheche akajiona ameonwa. Nyundo, koleo na fuawe mikono yake ilivijua kuliko ilivyoujua uso wake mwenyewe. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu: rangi.

Chuma motoni hupita rangi kwa rangi. Ukikipiga mapema kinagoma, ukikazana kinapasuka. Ukikichelewesha kinaungua, na chuma kilichoungua hakina dawa. Kinamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi ndogo, na mhunzi huisoma kwa macho. Basi Bi Mvukuto ndiye akawa anasoma. Waliziita rangi kwa majina ya jikoni. Ini ni wekundu wa giza, bado kabisa. Pilipili, subiri. Chungwa, toa, piga. Kiini cha yai, ukingo wa hatari. Maziwa, tumekwisha.

Mbele ya wateja aliyapenyeza kwenye mazungumzo.

"Mzee, kesho tununue pilipili."

"Bado, mama."

"Na machungwa je?"

"Machungwa sawa," na fito ikatoka motoni hiyo, nyundo ikashuka.

Wateja walidhani wazee hawa wana njaa isiyokwisha. Mmoja mwenye moyo mwema aliwaletea kapu zima la machungwa. Walilila siku nzima, kila ganda likiwarudishia kicheko.

Karakana yenyewe ilikuwa na giza. Dirisha moja, nalo Mhunzi alikuwa amelizibia gunia tangu kabla hajaoa. Bi Mvukuto alilikuta gunia pale, akalizoea, wala hakuwahi kuuliza lina kazi gani, kama usivyouliza kwa nini sufuria ina mfuniko.

Lakini wateja walikuwa wakipungua. Geti la mashine ya umeme linaisha kwa siku mbili, la Mhunzi wiki tatu. Ukafika mwaka ambao moto ulikuwa unawashwa mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Siku zisizo na moto Mhunzi alikwenda karakana hivyo hivyo, akakaa, akapangusa nyundo safi. Bi Mvukuto alimtazama akaona ule mwisho alioukimbia, wa kiti na huruma, unamjia kwa mlango wa nyuma.

Ndipo akaja meneja wa duka la makumbusho. Binti mdogo, mchangamfu, ana miwani mikubwa na daftari kwapani.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye masizi."

Akaeleza. Dukani kwao waliuza zawadi, na mwaka ule waliamua zawadi zote zitokane na lile jani la getini. Tayari walikuwa wamelichapa kwenye mitandio, vikombe na madaftari. "Lakini karatasi ni karatasi, mzee. Nataka na chuma chenyewe. Nataka kulabu za kutundikia nguo ukutani, kila moja na jani lake, zilizopigwa na mkono uleule uliolipiga geti. Mia mbili kwa kuanzia."

Mhunzi akaweka nyundo chini, akakunjua kiganja chake.

"Mkono uleule," Mhunzi akarudia taratibu. "Umezeeka, lakini haujahama."

Sampuli aliifua siku ya pili yake. Bi Mvukuto akimwangalia aliona mtu amepunguza miaka kumi. Aliimba chini chini akipiga, kitu alichokuwa hajakisikia tangu bomba lizibe. Meneja alipoipokea ile kulabu aliikumbatia kifuani na masizi yake, blauzi ikachafuka, hakujali. Kisha akatoa neno la pili: siku ya kuzindua zawadi hizo, Mhunzi aje afue kulabu moja mbele ya wageni, katika ua wa makumbusho.

Meneja alipoondoka Bi Mvukuto alisema, "Mzee, tukatae hili la ua. Tuseme mgongo unauma."

"Tukikataa watauliza kwa nini. Mhunzi gani anaogopa kufua?"

"Pale hupajui."

"Wewe unapajua. Wewe sema, mimi nipige. Kuna jipya gani?"

Bi Mvukuto akaenda kupanga mkaa.

Siku ikafika. Cheche alijitolea kusukuma fuawe kwa mkokoteni, akilalamika njia nzima: "Mzee, kitu hiki kina uzito wa dhambi za mtaa mzima." Ua wa makumbusho ulikuwa mpana, umetandikwa mawe meupe, kuta zimepakwa chokaa. Saa nne asubuhi, mbingu haina hata kiraka cha wingu. Viti safu nne, spika ya muziki, mkurugenzi na wageni wake. Moto uliwashwa kwenye karai kubwa, mvukuto ukawekwa pembeni. Bi Mvukuto alimpangia mumewe vitu kama vinavyokaa nyumbani: koleo kushoto, nyundo kulia juu ya meza ndogo, maji nyuma. Alimshika mkono akamgusisha kila kimoja, akijifanya anamnyoosha shati la kazi.

Mpiga picha akazunguka, akainama, akasogeza hiki na kile kisimzibie picha. Bi Mvukuto hakumwona. Alikuwa ameinamia moto.

Moto ulimshangaza. Ndimi zake hazikuonekana. Ziliyeyuka kwenye mwanga. Fito ilikaa mkaani nyeusi, imekaa tu, kama iliyosahauliwa. Akavuta mvukuto kwa nguvu zaidi. Bado nyeusi. Akaanza kuingiwa na hofu kwamba mkaa ule ni mbovu.

"Mzee, hata ini hatujapata," alinong'ona.

Mhunzi aliinamisha uso kuelekea karai. Nyusi zake zilikunjamana. "Usoni kunanichoma, mama. Una hakika?"

"Ini bado, mzee. Ngoja."

Akangoja. Ngozi yake ilimwambia toa, mkewe akamwambia ngoja, naye akamsikiliza mkewe. Muziki wa spika ulikuwa juu. Mlio wa chuma kinachoanza kutoa cheche, ambao karakanani angeusikia, haukumfikia. Hatimaye Bi Mvukuto akaona wekundu umechomoza, kisha rangi aliyoingojea.

"Chungwa!"

Fito ikatoka na mvua ya nyota. Wageni wakapiga makofi. Mhunzi akashusha nyundo, na badala ya ile sauti ya kengele ikasikika kama mtu amekanyaga changarawe. Ncha ya fito ikamomonyoka juu ya fuawe.

"Ulisema chungwa," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Niliona chungwa, haki ya Mungu."

"Weka nyingine."

Ya pili ikawa vilevile, ila safari hii kipande kiliruka, kikatua kwenye gauni la mgeni wa safu ya mbele. Mama yule akapiga yowe, viti vikaburutwa, gauni likatoboka tundu la ukubwa wa sarafu. Katika ghasia hiyo Mhunzi alikuwa ameiweka nyundo ili ashike fito kwa mikono miwili. Alipoirudia mezani hakuikuta. Wakati huohuo mpiga picha alikuwa ameisogeza meza. Mkono wa Mhunzi ukapapasa hewani, ukashuka, ukapapasa tena, ukatafuta fuawe ili uanzie hapo, na kiganja kikakaa bapa juu ya kipande cha chuma kilichokuwa bado moto.

Hakulia. Harufu ndiyo iliyosema.

"Mzee leo kaamkia chupa!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikapita safu kwa safu. Kamera nayo ikawa inalia, kacha, kacha, kacha.

Cheche ndiye aliyeinuka. Alivuka ua, akachukua nyundo, akaiweka kwenye mkono mzima wa Mhunzi. Akasimama mbele yake, uso kwa uso, akamtazama machoni. Kwa makelele yale Mhunzi hakujua ni nani. Cheche, mtu wa maneno, alisukuma mkokoteni mpaka nyumbani bila kusema hata moja.

Bi Mvukuto alimfunga kiganja kwa kitambaa. Kisha mumewe akauliza, "Pale palikuwa na jua?"

"Lilikuwepo, mzee. Kali. Kwani hukulisikia mgongoni?"

"Nililisikia joto lake. Sikukumbuka mwanga wake." Alivuta pumzi. "Juani chuma kinadanganya. Kimeiva, wewe unakiona kibichi. Mwalimu wangu alinifundisha siku ya kwanza kabisa, ndiyo maana ya lile gunia dirishani. Miaka saba sina mwanga, mama, nikasahau kwamba watu wengine wanao."

Bi Mvukuto alikaa na kitambaa mkononi. Miaka thelathini alikuwa amekaa chini ya gunia lile, hakuuliza.

Siku ya tatu meneja alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya mayai. Mkurugenzi hajapendezwa. Wageni wanasema mzee alikuwa amelewa. Kazi ya kulabu itabidi isimame kwanza.

Mhunzi alikuwa hajaonja pombe tangu azaliwe. Aliposikia hivyo alisema, "Waache. Mlevi huamka kesho akiwa mzima. Afadhali hilo." Akageukia ukuta.

Lakini Bi Mvukuto hakuweza kuliacha. Liligeuka ndani yake kama mwiba uliovunjikia kwenye nyama. Watu wamcheke mumewe mlevi, kwa kosa la macho yake yeye! Na kazi ile ikipotea, kesho yule mtu atakuwa anapangusa nyundo mpaka lini? Akajiambia kwamba meneja ni binti mwelewa. Akijua ukweli atatafuta njia, kazi itafanyika gizani karakanani, na neno litakufa kati ya wanawake wawili. Alijitanda kanga, akamwambia mumewe anakwenda sokoni.

Dukani kwa meneja alilisema akiwa amesimama, katikati ya mitandio yenye jani. "Hajalewa, mwanangu. Haoni. Haoni hata mkono wake mwenyewe. Miaka saba mimi ndiye ninayemwambia kila kitu. Kosa la siku ile ni langu. Karakanani kwetu kuna giza, pale hatukosei."

Meneja alivua miwani, akafuta machozi. Alimshika Bi Mvukuto mikono yote miwili. "Mama, kwa nini mliificha? Hili si la kuficha. Hili ni la kujivunia!"

"Lisitoke tu hapa, mwanangu. Niliapa."

"Pole sana, mama yangu," binti alisema, bado analia. Bi Mvukuto akaondoka na moyo mwepesi. Alidhani machozi ni ahadi.

Wala binti hakuwa mtu mbaya, wenzangu, tusimwonee. Alimwendea mkurugenzi kumtetea mzee asiitwe mlevi. Mkurugenzi akasema mambo mawili: asiyeona hapewi kazi ya moto, likitokea la kutokea makumbusho itajibu nini? Na la pili: hadithi hii inauza.

Miezi miwili baadaye kulabu zilikuwa rafuni. Zilitoka kiwandani, chuma kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kuigiza ile sampuli, mia tano kwa siku. Kila moja kwenye kiboksi, na kila kiboksi na kadi. Kwa Mhunzi ilitumwa bahasha ya shukrani na barua nzuri. Bi Mvukuto aliisoma barua ile peke yake, akaiweka chini ya godoro, akamwambia mumewe kwamba makumbusho bado wanafikiria.

Mambo hayafichiki hivyo. Mtaa ulianza kubadilika sauti. Walipogundua haoni, wakaanza kumpigia kelele kama kiziwi. "MZEE, HAPA PANA SHIMO!" Shimo alilolikwepa miaka arobaini. Mteja mmoja alikuja na jembe lililopasuka, akasimama mlangoni, akasema amekumbuka kwamba ana jingine nyumbani. Mhunzi aliyasikia yote. Hakuuliza kitu nyumbani. Alivuka barabara, hatua kumi na mbili, akamwuliza Cheche watu wamejuaje kwamba haoni.

"Mzee wangu, usinitie kwenye hili," Cheche alisema.

"Nimekuuliza wewe kwa sababu hujui kusema uongo. Umejuaje?"

"Mimi nilijua siku ile uani, na sikumwambia hata mke wangu. Wengine..." Cheche alizima mashine. "Wengine wamesoma kwenye kadi, mzee. Kuna kulabu zinauzwa."

Asubuhi iliyofuata Mhunzi alivaa shati lake la kutokea. "Nipeleke dukani," alimwambia mkewe.

"Duka gani, mzee?"

"Duka unalolijua."

Ndani ya duka palikuwa na harufu ya sabuni na karatasi mpya. Meneja alipowaona alikuja mbio, "Mzee! Mama! Karibuni!" lakini Mhunzi alinyoosha tu mkono ule wenye kovu. Bi Mvukuto akamwekea kulabu.

Aliigeuza. Kidole gumba kilipanda na jani kutoka shinani hadi nchani, kikasimama, kikarudi. Kilikuwa kimekuta ule mstari mwembamba wa pembeni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana.

"Hiki hakijapigwa hata nyundo moja," alisema. "Kuna maandishi?"

"Yapo."

"Soma."

Bi Mvukuto alishika kadi. Juu kulikuwa na picha: mkono wa mumewe ukipapasa hewani, siku ile. Hakuitaja. "'Jani hili limetokana na kazi ya mhunzi wa mji huu, aliyelifua geti la makumbusho.'" Akanyamaza.

"Endelea."

"Ndiyo hayo, mzee."

"Mama. Miaka saba nimekuamini kwa moto. Soma yote."

Meneja alikuwa amesimama, tabasamu limemgandia usoni. Bi Mvukuto akasoma. "'Mhunzi huyu ni kipofu. Mkewe ndiye aliyetufichulia siri hiyo. Haoni hata mkono wake mwenyewe, anasema mkewe. Mimi ndiye ninayemwambia kila kitu.'"

Mteja mmoja karibu na mitandio aligeuka kuwatazama. Mhunzi akaifunika kulabu kwa kiganja.

"Nilitaka wasikuite mlevi," alisema mkewe. "Nilitaka upate kazi."

"Najua ulichotaka."

Akairudisha kulabu. Alipotoka alishika ukuta, hakuushika mkono wa mkewe.

Moto wa karakana haukuwashwa tena. Fuawe aliichukua Cheche, siyo kwa sababu alikuwa na kazi nayo. Aliiweka nje ya banda lake, asiweze mtu mwingine kuichukua. Gunia lilibaki dirishani. Na meneja, ambaye moyo ulimsuta, akaja na wazo la kuwafariji: kila Jumamosi mzee aje akae uani, kivulini, karibu na meza ya kulabu. Asifanye kitu. Azungumze tu na wageni, wamshike mkono. Bi Mvukuto alijua jibu kabla ya kuulizwa. Alikuwa tayari kumtoa binti wa watu nje kwa heshima.

"Nitakuja," Mhunzi akasema.

"Mzee!"

"Kiti nilichokikimbia umeshanipa, mama. Wacha nikikalie."

Basi akakikalia. Na lililomshangaza Bi Mvukuto ni kwamba alikuwa hodari. Aliwachekesha wageni, akawaambia wana mikono laini kama mikate, akakisia kazi zao kwa viganja. Kulabu zilinunuliwa. Bi Mvukuto alikaa upande wa pili wa meza, akifunga viboksi kwa karatasi. Nyumbani mumewe alikula alichowekewa, akajibu alichoulizwa, akalala. Hakumgombeza hata siku moja. Ingekuwa heri.

Jumamosi moja alikuja mama mtu mzima na mwanawe wa kike, kila mmoja na kulabu mkononi. Binti alikuwa ameisoma kadi vizuri.

"Mzee, samahani," alisema. "Ulijuaje chuma kimeiva na huoni? Hapa pameandikwa kwamba mama alikuwa anakuambia."

Mhunzi alicheka, kile kicheko chake cha uani. "Waandishi nao! Chuma kinaongea, mwanangu. Kikiiva kinanong'ona. Nilikuwa nasikia mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa? Na mama je?"

"Mama alikuwa analeta chai."

Wale wawili wakamgeukia Bi Mvukuto, wakitabasamu, wakingoja. "Eti kweli, mama?"

Mumewe hakugeuza kichwa. Lakini mikono yake, iliyokuwa ikichezacheza magotini, ilitulia.

"Kweli," alisema Bi Mvukuto. "Chai tu."

Akavuta karatasi nyingine, akazifunga kulabu zao, na mgeni aliyefuata akasogea.